Mzee Aliyesoma Milango

Fomu ile sikupaswa kuijaza. Nilipoambiwa niijaze nilikuwa nimesimama, kalamu iko mfukoni, na ningeweza kukataa kwa neno moja. Badala yake nilivuta kiti nikaketi. Ilikuwa Januari mwaka 2008, majuma machache baada ya uchaguzi. Barabara ya kwenda Uganda ilikuwa inafungwa asubuhi na kufunguliwa mchana, kisha inafungwa tena, na mkuu wetu wa yadi alitaka trela zitoke kabla msafara wa polisi haujaondoka.

"Andika jina la Mzee kama msomaji," aliniambia. "Akirudi kazini atatia sahihi."

Nikaandika. Kilichofuata nitakieleza, lakini kwanza nataka kumweleza Mzee mwenyewe. Wengi wanaomkumbuka wanakumbuka namna alivyoondoka kazini, na namna ile haikuwa yake. Ilikuwa yangu.

Tulikuwa maafisa wa forodha wa daraja la chini katika yadi ya makontena hapa Nairobi. Mtu akisikia forodha anafikiria ushuru. Sisi ushuru hatukuugusa. Kazi yetu ilikuwa kuhakikisha kwamba kilichofungiwa ndani ya kontena kule Mombasa ndicho kitakachofunguliwa Kampala au Kigali. Kila kontena lina sili, bolti ya chuma inayofungwa mlangoni na kuchongwa nambari. Nambari hiyo huandikwa kwenye karatasi za mzigo. Trela ikifika kwetu tunaisoma sili, tunaandika, kisha tunairuhusu iendelee. Sili ikibadilika njiani, ile nambari yetu ndiyo inayoonyesha wizi ulitokea upande gani wa safari, kabla ya Nairobi au baada yake.

Sote tulimwita Mzee, hata mkuu wa yadi, ambaye Mzee ndiye aliyemfundisha kazi. Mimi aliniita Machakos kwa sababu ndiko nilikotoka. Nilikuwa na mke mmoja, watoto wanne na mvi kichwani, na bado nilikuwa Machakos.

Alikuwa na utaratibu wake wa kusoma sili, na alitulazimisha kuufuata. Watu wawili: mmoja msomaji, mmoja mwandishi. Mwandishi anabaki na fomu tupu, na karatasi za mzigo zinaachwa ofisini, juu ya meza, zimefunikwa. Msomaji anakwenda mpaka mlangoni. Anaishika sili, anaivuta mara tatu, anaizungusha, kisha anaisoma nambari tarakimu moja moja kwa sauti. Mwandishi anaandika anachosikia. Baada ya hapo tu ndipo mnarudi ofisini kulinganisha.

"Ukienda na karatasi mkononi," alikuwa akisema, "jicho litaona kilichoandikwa. Jicho ni mtumwa wa karatasi. Liache liende bila bwana."

Nilidhani anazidisha, mpaka siku aliponijaribu. Alinipa karatasi ya mzigo, akanituma nikasome sili ya kontena fulani. Nilirudi nikamwambia zinalingana. Akanirudisha, safari hii bila karatasi. Tarakimu ya nne ilikuwa saba, na kwenye karatasi ilikuwa moja. Niliiangalia mara ya kwanza kwa macho yangu haya na nikaona moja. Hakunicheka. Alisema, "Sasa umejua," akaenda kunywa chai.

Hakuishia kwenye sili. Alikuwa akisema mwizi mjinga hukata sili na mwizi mwenye akili hufungua bawaba. Kwa hiyo aligusa bawaba zote, akapapasa ripiti, zile pini za chuma zinazoshika komeo, kwa kidole gumba, akazinusa. Ndiyo, alinusa. Rangi ya juzi ina harufu, rangi ya mwaka jana haina. Siku moja alilisimamisha kontena la vitambaa kwa sababu ya ripiti mbili zilizonuka rangi. Madereva wakamzunguka wakimtania.

"Mzee, umekuwa mbwa wa polisi siku hizi?"

"Mbwa analipwa nyama," aliwajibu, "mimi nalipwa harufu. Sogeeni, tufungue."

Tulipofungua, robo ya vitambaa haikuwepo. Sili ilikuwa nzima, haijaguswa.

Katika kazi yetu watu hupanda ngazi. Yeye hakupanda. Alikuwa amefanya Mombasa, Malaba, Namanga, uwanja wa ndege na kwetu, na kila kituo alifika na cheo kilekile na birika lilelile la bati. Nilisikia sababu kwa wengine: aliwahi kukataa kuachilia kontena la mtu mkubwa mpaka lifunguliwe, na likafunguliwa. Nilipomuuliza alisema, "Nilihamishwa kwa sababu nakoroma." Vijana aliowafundisha wakawa wakubwa wake. Mbele ya watu aliwaita Bosi. Tukiwa wawili aliwaita "yule mwanafunzi".

Sitaki kumfanya malaika. Alikuwa mbishi. Alibeba penseli za ofisi kwenda nyumbani, nyingi, na sijui alikuwa akiziandikia nini. Alipenda umbeya kuliko mwanamke yeyote wa soko la Kawangware, na ukimwambia siri alikuwa anaitunza mpaka saa ya chakula. Alikuwa na majivuno ya viatu. Alikaa Kibera, upande wa Sarang'ombe, na mvua ikinyesha alitoka nyumbani amevaa gambuti, viatu vyeusi vinavyong'aa vikiwa ndani ya mfuko wa plastiki kwapani. Akifika lami anabadilisha, gambuti anaziacha kwa mama wa mandazi. Mtu akimkanyaga ndani ya basi, siku yake imeharibika na yetu pia.

Na yeye ambaye hakuamini karatasi ya mtu, ambaye alikagua mayai dukani moja moja kwenye mwanga wa jua, nyumba yake mwenyewe haikuwa na kufuli. Nilikwenda kwake mara nyingi siku za Idi, mlango umeegeshwa tu.

"Hapa Kibera, Mzee? Bila kufuli?"

"Nikinunua kufuli itanibidi nilinde kufuli. Majirani wananilinda bure."

Alikuwa Mnubi, wa jamii ya wakazi wa kwanza wa Kibera, mwenye ploti ya vyumba tisa vya mabati vilivyozunguka ua, na wapangaji wake walikuwa watu wa kila kabila. Hakuwahi kuliona hilo kama jambo la kutaja, mpaka uchaguzi ule.

Alinifanyia mema ambayo si ya kazini. Kifungua mimba wangu alipougua homa ya uti wa mgongo, Mzee alikuja Kongo, mtaa wetu ndani ya Kawangware, akakaa na mke wangu hospitalini siku mbili mimi nikiwa nimetumwa Malaba. Mtoto alipona. Nilipojaribu kumshukuru aliniambia niache kelele, nikalete birika.

Basi, matokeo ya uchaguzi yakatangazwa na vurugu za kikabila zikaanza. Kwetu Kongo tulifunga milango na kusikiliza. Kibera ilikuwa mbaya zaidi, nyumba zinachomwa, watu wanahama na magodoro vichwani, na reli inayopita pale iling'olewa vyuma vyake. Mzee hakuja kazini siku kumi na moja. Wengi hawakuja, lakini wengine hawakuweza. Yeye alikuwa amechagua kukaa. Haya aliniambia binti yake baadaye.

Kundi la vijana kama kumi na watano lilikuja mchana kwenye lango la ploti. Mzee alikuwa ameketi pale kwenye kigoda, amevaa kofia ya kazi.

"Niaje, Mzee," alisema aliyewaongoza. "Tunataka kujua kwa hizi rooms kunaishi kina nani."

"Nani amewatuma?"

"Hatujatumwa. Ni kujipanga tu."

"Orodha iko wapi?"

"Orodha gani sasa?"

"Mkaguzi huja na orodha. Jina la mzigo, nambari, sahihi ya mkuu wake. Nyinyi hamna orodha. Mnakagua nini?"

Wakacheka. "Buda, hapa si bandari."

"Hata bandarini mngefukuzwa. Nendeni mlete karatasi, nitawangoja hapa hapa."

Mmoja wa nyuma akasema, "Tutakuchomea hii kitu, wewe."

Mzee akamtazama. "Wewe nakujua. Nyanya yako ndiye aliyemzalisha mke wangu. Ukitaka kuchoma, anza na mimi, halafu uende umweleze."

Wakaondoka. Kesho yake walirudi, bila karatasi, wakang'oa milango miwili ya vyumba vya nyuma na kuchukua redio na magodoro. Watu hawakuwagusa. Wapangaji wote tisa walibaki, na Mzee akakaa kwenye kigoda kile mpaka alipoona kwamba akiondoka hakutakuwa na jambo. Ndipo akavaa gambuti akarudi kazini.

Katika siku hizo kumi na moja ndipo nilipojaza ile fomu.

Kontena lenyewe lilikuwa na dawa za hospitali, zikienda Kampala. Trela ilikuwa imesimama mwisho wa yadi, safu ya tatu. Si mbali. Hatua mia mbili, labda mia mbili na hamsini. Jua lilikuwa kali, lakini sitasingizia jua. Nilikuwa nataka kufika Kawangware kabla barabara haijafungwa tena, kwa sababu mke wangu alikuwa peke yake na watoto, na mkuu alikuwa ameshika mlango akisema msafara unaondoka saa sita. Angeniambia niende nikasome peke yangu, ningekwenda. Hakuniambia, na mimi sikujipeleka. Niliichukua karatasi ya mzigo, nikanakili nambari ya sili kutoka kwayo mpaka kwenye fomu yetu. Mahali pa msomaji nikaandika jina la Mzee. Mahali pa mwandishi nikatia sahihi yangu. Trela ikaenda.

Mzee aliporudi nilimpelekea fomu ile. Aliishika, akaitazama tarehe.

"Siku hii sikuwepo, Machakos."

"Najua, Mzee. Bosi alisema utasaini ukija. Trela zilikuwa lazima zitoke."

"Sisaini nisichokisoma. Unajua."

"Usiposaini, mimi ndiye nitafukuzwa. Fomu ina jina langu."

Hilo lilikuwa kweli. Nilimwona akiwaza, na nadhani alikuwa akiwawaza watoto wangu, hasa yule aliyekaa naye hospitalini. Kisha akauliza swali moja tu.

"Mlango ulisomwa?"

"Ulisomwa, Mzee. Niliusoma mwenyewe."

"Sili uliivuta?"

"Mara tatu."

Akatoa kalamu, akatia sahihi. Katika miaka yote niliyomjua ni mara hiyo tu niliyomwona akiweka sahihi yake chini ya kitu ambacho hakukiona, na aliiweka kwa sababu ya neno langu. Kisha akaniuliza habari za mke wangu.

Baada ya majuma matatu habari zilitufikia. Kontena lilipofunguliwa Kampala lilikuwa na magunia ya mchanga na dawa chache za mbele. Sili iliyokuwa mlangoni haikuwa na nambari iliyo kwenye karatasi. Wachunguzi walitaka kujua jambo moja: lilipotoka kwetu lilikuwa na sili ipi? Kama ilikuwa ile halali, wizi ulitokea njiani, magari yalipolala barabarani. Kama ilikuwa ile ya bandia, wizi ulitokea kabla ya Nairobi. Fomu yetu ndiyo pekee iliyoweza kusema, na fomu yetu ilikuwa ya uwongo. Mpaka leo haijulikani dawa zile ziliibiwa wapi, na kuna watu Kampala waliozisubiri.

Walituita. Watu watatu mezani, mkuu wetu wa yadi pembeni yao.

"Sahihi hii ni yako?" walimuuliza Mzee.

"Ni yangu."

"Daftari la mahudhurio linaonyesha hukuwepo."

"Sikuwepo."

"Sasa ulisoma sili vipi?"

"Sikuisoma."

"Basi kwa nini ulisaini?"

Nilimwona akivuta pumzi. Nikajua sasa atanitaja, na nikajua ana haki. Alisema, "Nilisaini. Kosa ni la mwenye sahihi."

Wakanigeukia. "Na wewe, mwandishi. Nambari uliitoa wapi?"

Nilikuwa na nafasi ile. Nilikuwa nimekaa karibu naye kiasi kwamba viatu vyetu vilikaribia kugusana. Nikasema, "Niliandika nilichopewa."

Mmoja wao alifungua mdomo kuniuliza nilipewa na nani. Mkuu wa yadi akasema, "Nadhani hapo inatosha," naye akaufunga. Mzee hakunigeukia. Aliendelea kutazama meza.

Alistaafishwa kwa manufaa ya umma, kama wanavyoandika kwenye barua hizo, akiwa amebakisha miezi saba astaafu kwa heshima. Pensheni aliikosa. Mimi nilipewa onyo la maandishi. Mwaka uliofuata nilipanda daraja, na nikafundisha vijana kusoma sili kwa utaratibu wake, neno kwa neno, bila kumtaja.

Sikwenda kwake miaka mingi. Nilikuwa nikipita Kibera nikiwa na shughuli, nazungukia njia nyingine. Nilipokwenda hatimaye nilikuwa nimeshakuwa mzee mwenyewe. Mke wangu ndiye aliyenisukuma.

"Nenda umwambie kwa mdomo wako," alisema. "Usingoje kwenda kumwambia maiti."

Nilimkuta ameketi uani. Macho yalikuwa yameondoka, yote mawili, presha ya macho. Binti yake, ambaye sasa ni mama wa watoto watatu, alinikaribisha akaenda dukani kununua maziwa.

"Salaam aleikum, Mzee."

Alielekeza sikio. "Machakos."

"Ndiye."

"Umenenepa. Nasikia kwa hatua."

Nilimwambia yote. Nilimwambia kwamba sikuusoma mlango, kwamba sikuivuta sili, kwamba nilipoulizwa mbele yake nilisema maneno yale nikijua yatamwangukia. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono mmoja juu ya goti.

"Nilijua," alisema. "Pale mezani ndipo nilipojua. Mtu aliyesoma mlango angesema amesoma."

"Kwa nini hukunitaja?"

"Ningesema nini? Kwamba nilimwamini mtu? Hilo si jibu la afisa. Nilikasirika miaka, usidhani sikukasirika. Mke wangu alikufa tukiwa tunaomba dawa kwa watu. Lakini nimekusamehe, Machakos. Nilikusamehe kabla macho hayajaondoka. Kaa, unywe chai."

Nililia, sioni haya kusema. Tukaongea. Aliniuliza habari za mtoto wangu wa kwanza, nikamwambia ana gereji yake Kawangware. Alifurahi kweli. Kisha akapapasa mfuko wa shati, akatoa bahasha.

"Imeletwa asubuhi na mtu wa kliniki. Nisomee."

Nilisoma taratibu, kwa sauti. Ilikuwa barua ya kliniki ya macho: aende Alhamisi, saa mbili asubuhi, asile kitu kabla, aje na mtu wa kumsindikiza. Nilirudia siku na saa. Alitikisa kichwa, akanishukuru, akaikunja barua akairudisha mfukoni.

Binti yake akarudi na maziwa. Mzee alimsikia hatua, akaitoa tena ile bahasha, akamnyooshea.

"Hebu nisomee hii."

Binti akanitazama. "Si Anko yuko hapa? Hajakusomea?"

"Amenisomea," Mzee alisema. Sauti yake haikuwa na ukali wowote. "Nisomee."

Binti akasoma. Alhamisi, saa mbili asubuhi, asile kitu, aje na mtu. Mzee aliinamisha kichwa kwa kila neno, na alipomaliza akasema, "Haya, sawa," akaniambia chai yangu inapoa. Niliinywa yote.

Kazi niliyoilinda kwa kujaza fomu ile niliipoteza miaka michache baadaye, walipoleta mitambo ya kufuatilia makontena na kupunguza watu. Cheo nilichopandishwa hakinisaidii kitu leo. Mzee alinisamehe, na najua alimaanisha. Lakini aliyenifundisha kazi, aliyemlinda mtoto wangu hospitalini, hakuweza tena kuchukua neno langu juu ya siku na saa ya kwenda kliniki. Hicho ndicho nilichopoteza siku ile yadini, na sikukipata tena kabla hajafa.